Jina Walilolikwepa

Kalunde alikuwa mshonaji wa zipu. Katika kiwanda kimoja cha nguo kwenye eneo la EPZ, la viwanda vya kuuza nje, karibu na Kitengela, suruali za jinzi zilimpitia mbele ya cherehani tangu asubuhi, akazitia zipu, zikaenda zake Amerika kuvaliwa na watu ambao hangewahi kuwaona. Mumewe, Koinet, alikuwa polisi, na serikali ilikuwa imempeleka Haiti na wenzake kulinda barabara za watu ambao naye hakuwahi hata kuwaota. Kwa hivyo nyumba yao ya vyumba viwili, pamoja na karo ya binti yao Zipporah, ilikuwa imeegemea nchi moja kubwa iliyo mbali. Ndiyo iliyonunua suruali, na ndiyo iliyotoa sehemu kubwa ya pesa za misheni ya polisi huko Haiti.

Mwaka huo nchi hiyo ikaanza kufikiri upya. Ule mkataba wa kuuza nguo bila ushuru, AGOA, ukafika mwisho, na msimamizi kiwandani akawaambia wakae chonjo. Kuhusu Haiti, wakubwa wa dunia walikuwa wakibishana kama misheni ifungwe, ibadilishwe jina au ikabidhiwe wengine, na huku wakibishana, magari ya kina Koinet yalikosa vipuri. Watu husema wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Kalunde, aliyeolewa kwa wafugaji, aliona methali hiyo imesahau jambo moja: hata fahali wakichoka kupigana wakaamua kulala, watalala juu ya nyasi zilezile.

Lakini si mkataba wala vipuri vilivyomnyima usingizi. Koinet hakuwa amepiga simu kwa zaidi ya wiki, yeye ambaye hata akiwa na malaria angepiga ili alalamike. Kisha kwenye kundi la WhatsApp la wake wa askari ikaingia video ya gari la deraya likiwaka moto. Mmoja akaandika, "Hao ni wetu." Mwingine akaandika kwamba wawili wamekufa. Walipoulizwa majina, wote wakakaa kimya.

Kalunde alipiga simu ofisini, akajibiwa kwa upole kwamba kukiwa na lolote familia itaarifiwa. Jibu hilo ndilo lililomtisha, maana alijua familia ni nani. Koinet aliingia polisi kabla hawajajuana, na nambari aliyowaachia ilikuwa ya baba yake, Mzee Lemein wa Sajiloni, nje kidogo ya mji wa Kajiado. Habari mbaya ingepita juu ya Kitengela bila kutua, iende Sajiloni kwenye simu ya mzee, ile ya kitochi. Na simu hiyo ilikuwa haipatikani tangu Alhamisi.

Jumamosi asubuhi alimwacha Zipporah kwa jirani yake Caroline, akasema anaenda kusalimia wakwe. Caroline alimtazama, akachukua mkoba wa mtoto bila kuuliza neno. Jirani mwema anajua wakati wa kuuliza.

Bodaboda ilimshusha langoni pa boma la wakwe zake jua likiwa bado halijakolea. Ng'ombe walikuwa wameshatoka kwenda malishoni, na gari la mzee halikuwepo. Mama mkwe wake, Namunyak, alikuwa amesimama mlangoni pa ile nyumba ya mabati, kana kwamba alikuwa akimngoja, na hakuwa na shanga. Shingoni hapakuwa na kitu, masikioni hapakuwa na kitu. Kalunde hakuwahi kumwona Namunyak bila shanga hata siku aliyolazwa hospitali.

"Pole, mtoto yangu," Namunyak akasema, akamshika mikono yote miwili. "Tulijua utakuja."

Namunyak akamkalisha kwenye kiti, akammiminia chai ya maziwa, akaketi karibu naye.

"Ni lini?" Kalunde akauliza.

"Alhamisi, asubuhi. Walipigia mzee simu, akatoka hapo hapo. Hata chai hakumaliza."

"Na aliumia sana?"

"Hapana. Ilikuwa haraka." Namunyak akagusa kifua chake. "Ni hapa. Ni moyo."

Kalunde aliona risasi. Aliiona ikipita pale pale ambapo yeye hulaza kichwa, na chai ikammwagikia kwenye kidole bila yeye kusikia moto.

"Alikuwa anakupenda sana," Namunyak akaendelea, akimpangusa mkono kwa leso. "Kila wakati anauliza, huyu msichana ya Ukambani ako wapi, atupikie ile chakula yake ya mahindi. Hiyo muthokoi. Ulikuwa umemharibu na hiyo chakula."

Sasa Kalunde akalia wazi. Ilikuwa kweli kabisa. Koinet alilelewa akiamini kwamba mahindi ni kitu wanachokula watu waliokosa maziwa, na mwaka wa kwanza wa ndoa yao alikula muthokoi kwa adabu tu. Mwaka wa pili alikuwa anakwangua sufuria.

"Yeyo," alisema, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyomwita mama mkwe wake, Mama kwa Kimaasai, "Koinet alikuwa..."

Namunyak akamziba mdomo. Hakumpiga, aliuweka mkono pale taratibu, kama unavyomnyamazisha mtoto kanisani.

"Usiite hiyo jina hapa ndani. Wewe unajua."

Kalunde alijua, na kule kujua ndiko kulikommaliza. Katika mwaka wake wa kwanza katika boma hili aliwahi kutaja jina la nyanya yake Koinet, marehemu, kwa nia nzuri ya kumsifu, na watu wote wakaweka vikombe chini. Koinet ndiye aliyemtoa nje na kumweleza kwamba mtu akifa, jina lake haliitwi tena kwao. Kulitaja ni kumsumbua aliyelala na kuwakwaruza waliobaki. Kalunde alishangaa sana, maana kwao Mwala, Ukambani, mambo ni kinyume: mzee akifa, jina lake hupewa mjukuu, nalo huitwa kutwa kucha likitumwa maji na kufukuzwa jikoni. Alijifunza hata hivyo. Alijivunia kwamba amejifunza. Mke wa kutoka mbali hujifunza desturi za ukweni kama mtu anayevuka mto usiku, jiwe moja baada ya jingine, na kila jiwe analolikanyaga salama humfanya afikiri ameshaujua mto.

Na tazama, Namunyak, aliyezoea kusema "Koinet wangu" mara arobaini kwa siku, tangu Kalunde afike hakuwa amelitamka jina hilo hata mara moja.

Mbuzi mmoja mgonjwa aliyeachwa nyumbani alikuwa akilia nyuma ya nyumba. Kisha Kalunde akajikaza, akauliza swali ambalo mjane hana budi kuuliza.

"Wanamleta lini?"

"Wanaleta nani?"

"Yeye. Nataka kumwona kabla ya mazishi."

"Mtoto yangu, walishazika. Jana."

"Wapi?"

"Huko huko."

Kalunde akasimama, kiti kikaanguka. Huzuni ilikuwa imemkalia kifuani tangu alipofika. Sasa hasira ikaisukuma kando.

"Huko huko? Mtu anaenda kufanyia wazungu kazi yao, wanamwahidi mambo, wanamnyima hata magurudumu ya gari, halafu akifa wanamfukia huko huko kwao? Bila bendera? Bila mimi? Na mlikubali?"

Uso wa Namunyak ulikuwa wa mtu anayehesabu mbuzi na kupata mmoja zaidi.

"Wazungu gani?" akauliza. "Kalunde, Rombo hakuna wazungu."

"Rombo?"

"Rombo, huko mpakani. Kwake. Angezikwa wapi tena, na boma yake iko Rombo, na bibi yake iko Rombo?" Kisha macho yakamtoka Namunyak. "Wewe unalilia nani?"

Kalunde alinyoosha kidole kwenye picha ukutani, ile ya Koinet akiwa na sare siku ya kuhitimu chuo cha polisi cha Kiganjo, masikio yametokeza chini ya kofia.

Namunyak alifunika uso kwa mikono miwili. Mabega yakaanza kutetemeka, na Kalunde hakujua kama analia au anacheka hadi alipoona ni yote mawili.

"Resian alisema atakupigia," akasema alipopata pumzi. Resian ni wifi yake Kalunde, yuko chuo Nairobi, na ahadi zake za kupiga simu zinajulikana kwa kutotimia. "Mimi nikafikiri umeambiwa. Nikaona unalia, nikasema, kweli huyu msichana iko na roho nzuri. Aliyekufa ni ndugu ya mzee. Ni Baba Parsaoti."

Baba Parsaoti. Kalunde alimjua vizuri: mzee mrefu mwenye kikohozi, aliyekuja Sajiloni kila mwaka na kula muthokoi sahani tatu. Alimjua kwa miaka yote hiyo kama Baba Parsaoti, kwa sababu hakuna mwenye adabu anayemwita mzee kwa jina alilopewa utotoni. Haikuwahi kumpitia akilini kwamba mzee huyo aliwahi kuwa mtoto, akaitwa kitu.

"Na jina lake..." akaanza.

"Hilo hilo," Namunyak akasema haraka, asije akalitamka. "Alizaliwa mrefu, wakampa jina ya urefu. Na wangu pia alizaliwa mrefu. Sasa mwenye jina amekwenda, jina imekwenda na yeye. Huyu wetu tutamtafutia lingine. Ukitoka nje ya boma, ita mpaka koo ikauke. Lakini hapa ndani, na Parsaoti anakuja leo na kichwa amenyoa, hapana."

Kalunde akakiinua kile kiti, akakaa. Furaha ilimjaa kama maziwa yanavyopanda sufuriani, na papo hapo akaona aibu, kwa kuwa aliyekufa alikuwa mtu mwema na alimpenda kweli, naye anafurahi. Alimwambia Namunyak hivyo. Namunyak akasema hata yeye anaona aibu, na wote wawili wakacheka tena, mkono mdomoni, wakichungulia mlangoni kama wasichana wa shule wanaocheka kwenye ibada.

Hata hivyo, mtu aliyekufa kwa robo saa na kufufuka alikuwa bado hajapiga simu. Kalunde alieleza habari ya video. Kicheko kikaisha. Namunyak akasema yeye hana simu, simu ni ya mzee, na mzee yuko njiani. Basi wakangoja. Walichambua maharagwe, wakamnywesha mbuzi dawa.

Mchana pikapu ikaingia, imevaa vumbi la barabara ya Mashuuru. Mzee Lemein alishuka kwanza, kisha Parsaoti, mwana wa marehemu, mwalimu wa historia huko Rombo, kichwa kimenyolewa na macho mekundu. Kalunde akainamisha kichwa, mzee akakigusa kwa kiganja.

"Paker," akamsalimu. Hivyo ndivyo walivyoitana wao wawili, kwa ajili ya kondoo ambaye mzee alimpa siku alipoingia bomani kama bibi harusi.

"Paker," Kalunde akajibu. "Baba, kuna habari yoyote?"

Lilikuwa kosa. Wazee wa hapa hawatoi habari kama mtu anayetupa kuni chini. Habari huanza na uzima, zikapita kwa mifugo na mvua, na kila kitu hungoja zamu yake. Mzee akaketi, akaomba chai, akanywa.

"Sisi tuko wazima," akaanza. "Ng'ombe ya Rombo iko mzima. Mvua imenyesha upande wa mlima, upande huu bado. Tumezika ndugu yangu, pasta akaomba vizuri. Watu wa upande wa Tanzania walichelewa. Wiki hii mpaka imekazwa, askari wanauliza kila mtu karatasi. Wajomba wa Parsaoti walisimamishwa huko kwa mawe ya mpaka tangu asubuhi."

"Watu wanaenda kuzika ndugu yao," Parsaoti akasema. "Babu alikuwa anavusha ng'ombe hapo akifuata nyasi, hakuna mtu anamuuliza. Siku hizi kila nchi inafunga mlango. Wakubwa wanagawana dunia upya, na wadogo wanaogopa, wanafungiana wenyewe kwa wenyewe."

"Nikaenda nikaongea na yule mkubwa wa askari," mzee akaendelea, bila haraka hata chembe. "Nikamwambia, maiti haingoji karatasi. Akawaachilia. Nyasi ya huko ni nzuri. Bei ya mbuzi imeshuka."

Kalunde aliifinya leso yake hadi vidole vikafa ganzi. Hakika kama bei ya mbuzi ingekuwa na mdogo wake, mzee angemtaja naye. Namunyak, aliyeishi na desturi hizo maisha yake yote na kuziheshimu, akafika mwisho wake.

"Mtoto yangu iko hai au amekufa?" akauliza.

Mzee akamtazama mkewe kwa mshangao wa kweli.

"Huyo? Huyo iko hai. Si alinipigia jana, tukitoka kaburini?"

Kalunde aliinamisha uso magotini, na yale machozi ya asubuhi yakaja tena, ila safari hii yalikuwa mepesi, yalitoka bila kumkwaruza. Namunyak aliinua mikono juu, akamshukuru Mungu kwa Kimaasai, kisha, baada ya kumaliza na Mungu, akamgeukia mumewe.

"Jana? Na ukanyamaza?"

"Ningepiga na nini?" Mzee akatoa ile simu ya kitochi, akaiweka mezani kama shahidi. "Mimi nilikuwa Kenya, lakini simu ilikuwa imehamia Tanzania. Huko mpakani inashika mtandao ya ng'ambo, mara inapatikana, mara hapana. Ikakula pesa yote, halafu ikazima. Tumeichaji kwa gari."

Ndipo akaeleza, sasa bila kuzunguka, maana aliona nyuso za wanawake wake. Kina Koinet walikuwa wamehamishwa kambi kwa ghafla, na katika kuhama huko simu yake ikapotea pamoja na nambari zote. Ile aliyoikumbuka kichwani ilikuwa moja tu, ya baba yake, aliyoikariri akiwa shule ya bweni kwa ajili ya kuomba nauli. Ile video haikuwa yao. Hata yeye aliiona akaambiwa ni ya nchi nyingine na ya zamani. Na jambo la mwisho ndilo Koinet alilosisitiza kwamba baba amwambie Kalunde: kundi lao linabadilishwa na jingine. Mwezi huu wanarudi nyumbani.

"Anarudi kwa sababu kazi imeisha?" Kalunde akauliza.

Parsaoti akatikisa kichwa. "Kazi haijaisha. Wenye pesa wamebadilisha mpango. Wataleta askari wa nchi zingine."

"Ukichunga ng'ombe ya jirani," mzee akasema, "siku jirani akichoka na wewe, unarudi kwako na fimbo yako. Wengine wanaona ni aibu. Mimi naona mtu amerudi na miguu zote mbili."

Kalunde alifikiri juu ya hao askari wa nchi zingine. Mahali fulani palikuwa na mwanamke ambaye leo anamfungia mumewe begi, na kesho kutwa naye atatumiwa video ya gari linaloungua. Alimwonea huruma mwanamke huyo, kwa dhati, na hata hivyo hakutaka wabadilishane. Kuhusu zipu, zipu zingejulikana Jumatatu. Kama kiwanda kingefungwa, basi kingefungwa, na wangekula muthokoi wote watatu.

Chai ya pili ilikuwa bado mikononi simu ya mzee ilipolia. Mzee akaitazama ile nambari ndefu ya ajabu, akampa Kalunde simu.

"Haloo?" ikasema sauti, mbali sana, na nyuma yake watu wakibishana kwa Kiswahili juu ya sabuni ya nani.

Jina lilimjia Kalunde hadi kwenye meno. Alikuwa amelibeba tangu wiki iliyopita bila pa kulitua. Akainua macho, akamwona Parsaoti ameketi mbele yake na kichwa chake kitupu, ameshika kikombe kwa mikono miwili, mtu aliyemfukia baba yake jana. Akalimeza.

"Baba Zipporah," akasema.

"Kalunde? Mbona unaniita hivyo? Umekasirika?"

"Ngoja."

"Najua umekasirika. Simu ilipotea, si nilimwambia mzee akueleze..."

"Nimesema ngoja. Usikate."

Alitoka nje. Alipita zizi la ndama, akapita tangi la maji, akalifungua lango la miiba na kulifunga tena nyuma yake, kwa sababu lango la boma haliachwi wazi hata kwa furaha. Aliendelea kutembea hadi kwenye barabara ya vumbi, mahali ambapo boma lilikuwa nyuma yake na mbele hapakuwa na mtu wa kuumizwa na neno lolote.

"Koinet," akasema.

"Niko."

"Koinet."

"Niko hapa, mama. Ni nini?"

"Hakuna kitu," Kalunde akamwambia, akaketi pale pale kando ya barabara. "Itika tu."